Maziwa ya Mama Mwingine

Athanasie alikulia kwenye titi la jirani. Mama yake aliuawa walipokuwa wakikimbia kutoka Kitshanga, na mwanamke asiye hata wa ukoo wao akampakata pamoja na mwanawe mwenyewe. Milimani Masisi jambo hilo haliombwi. Mtoto akibaki peke yake, mwenye maziwa anampokea, basi.

Ukubwani alipata kazi ya kutunza panya weupe katika maabara moja ndogo karibu na Kirotshe. Daktari Sylvain alimweleza kazi mara moja, haraka haraka, kama wasomi wanavyotuelezea sisi wengine. Panya wa kabati la kushoto wameondolewa jeni moja, hivyo miili yao haiwezi kutengeneza kingamwili, yaani ile kinga ya damu inayopigana na magonjwa. Wa kulia ni panya wa kawaida. Chanjo ingepimwa kwa kuwalinganisha. Kuhusu kunyonyesha, daktari hakusema neno. Nani angewaza?

Asubuhi moja akamkuta mama wa kushoto amekufa, watoto wake wekundu, bila manyoya, wakihangaika juu ya mzoga. Athanasie hakufikiri mara mbili. Aliwasugua kwa takataka za kiota cha mama wa kulia ili wanuke kama wanawe, akawatia humo. Yule mama akawanyonyesha wote. Walipoacha ziwa, akawarudisha kushoto, roho yake kwatu.

Kisha damu ikapimwa.

"Mama Athanasie! Hii panya iko na kingamwili mu damu! Nani aliigusa?"

"Mama yao alikufa, Docteur. Njo sababu nikabapatia mama ingine. Ningebaacha bakufe?"

"Ungeniita! Kinga ya ule mama ilipita mu maziwa. Kazi yote imeharibika. Tutabaua bote."

"Maziwa ilibasaidia, njo kosa yangu?"

"Hapa, njo kosa." Alisema bila kumtazama. "Ubaweke mu sanduku ya gazi ya kubaua, wewe mwenyewe, banakuzoea. Kisha usirudie tena."

Daktari hakukosea, na Athanasie alilijua hilo, ndiyo maana alimchukia zaidi. Machozi yakimtiririka, akafungua kizimba, akaingiza mkono. Hakulazimika kuwakamata. Mkono ule haukuwahi kuwaumiza, basi wakapanda kiganjani wenyewe, mmoja baada ya mwingine, naye akawashusha sandukuni na kufunga kifuniko.