Chupa ya Mawese Niliyomnywesha Mama Yako

Nakumbuka siku moja, mwanangu. Tulikuwa kwenye kilio, msibani, hapa Likasi. Mimi shangazi yako nilikuwa msichana, na mama yako, wifi yangu, alikuwa na mimba yako ya miezi sita. Walitupakulia bukari, ugali wetu, na vinkubala, wale viwavi wakavu wa kukaanga.

Hakumaliza sahani. Midomo ilivimba, ngozi ikajaa vipele, pumzi ikawa inapita kwa shida. Sisi tuliwaza sumu tu. Kwetu mtu akivimba baada ya kula, anatafutwa kwanza aliyepika. Wenzangu wakamzingira mpishi, nami nikakimbilia chupa ya mawese, ati yanatapisha sumu. Nikamshika mama yako kichwa, nikaanza kummiminia. Nilijiona hodari kweli.

Jirani yetu Mama Odile, muuguzi, alikuwa anapita hapo akitoka kazini. Alininyang'anya chupa.

“Weye, acha! Mutu anakosa mupepe, na weye unamwangia mafuta mu kinywa? Ile si sumu. Mwili yake iko inakatala chakula.”

“Lakini nani alimupikia?” mtu akauliza.

“Mutauliza kesho. Mumulalishe kwa upande, asisimame.”

Akatoa sindano ya adrenalini mkobani, akamchoma pajani. Kisha tukangoja. Niliogopa, mwanangu, sijaogopa vile tena. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, na kila moja ilichelewa kuliko niliyoizoea. Mwishowe akakohoa, akaita jina langu. Hata hivyo Mama Odile alimpeleka hospitali, kwani hali ile huweza kurudi.

Sasa wauguzi wanafundisha watu wa kawaida huduma ya kwanza pale parokiani Jumamosi, na wewe unaniambia huwezi kwenda, una meza yako sokoni. Mtoto wako alivimba midomo juzi kwa karanga, ukacheka. Mimi sikulala.

Nenda ukajifunze. Mtu akivimba na kukosa pumzi, usimnyweshe kitu, usimtembeze, usitafute mchawi. Mlaze, akishindwa kupumua akiwa amelala, mkalishe. Apate ile sindano ya paja haraka, kisha hospitali. Usingoje uone kama itapita.

Mungu akulindie mtoto, akupe mikono inayojua kazi yake. Yangu ilikuwa na haraka tu, na ilibaki kidogo usizaliwe.