Tumbo Langu na Mvua ya Hadado

Watoto wangu wawili walizaliwa siku za mvua, basi majirani zangu hapa Hadado wakajiamulia kwamba tumbo langu ndilo linaloita mawingu. Upuuzi mtupu! Kiangazi kikizidi, wanawake wananiuliza kisimani, "Abaayo, dada yetu, bado tu?" huku wamelikodolea macho tumbo langu.

Mwaka jana nilipopata mimba, mama mkwe, aliyekuwa akininyima hata chai, akaanza kuniletea kibuyu cha maziwa ya ngamia kila asubuhi. Hakunipenda ghafla, mifugo yake ilikuwa inakufa.

Mimba ikaharibika. Siku hiyohiyo mvua ikanyesha, mabwawa yakafurika. Nikiwa bado natokwa na damu, wote waliingia kwangu na vigelegele, wakanishukuru.

Mtoto, hakuna aliyemuulizia.