Kurasa za Majina

Nina hasira. Nimengoja wiki tatu ipungue ndipo niandike, maana mtu akiandika akiwa moto huwaonea wenzake. Haijapungua. Basi nitaandika hivyo hivyo, na pale nitakapowaonea watu wa chuo kikuu nitajirudi. Mimi si msomi, niliishia darasa la nane. Huenda kuna jambo sikulielewa.

Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi na kubaindi. Kibanda changu kiko kando ya nyumba za reli, Makongeni, tunagawana ukuta na mama fundi wa nguo. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alilelewa hapo hapo, nyumba ya tatu. Sasa ni daktari, si wa sindano, wa fizikia. Huko Ulaya wanagonganisha chembe ndani ya bomba lililozikwa ardhini, chembe ambazo jicho haliwezi kuziona. Nilimuuliza wanapata nini. Akasema, “Mjomba, ni kama kusikia sufuria zikianguka jikoni kwa jirani, halafu useme ni sufuria gani na ilikuwa imepikiwa nini.”

Chuo kimoja hapa Nairobi kikatangaza kinatafuta mhadhiri wa fizikia hiyo ya chembe, mtu wa majaribio hasa. Dada yangu ana sukari na miguu imeanza kumshinda. Binti akiipata ile kazi, anarudi nyumbani kukaa na mama yake. Akiikosa, anarudi kule kwenye bomba, na dada anabaki na mimi, ambaye hata uji naunguza.

Masharti yalikuwa nakala kumi za maombi, zimefungwa kitabu, zifikishwe kwa mkono kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Wanatafuta mtu wa mashine kama ile, na bado wanataka abebe mzigo wa karatasi kama mchuuzi wa magazeti! Lakini nisiwe mnafiki. Masharti kama hayo ndiyo yanayonilisha.

Mpwa wangu alikuwa amekuja nyumbani kwa ajili hiyo. Ijumaa hiyo asubuhi aliniachia flashi yenye maombi yake, akampeleka mama yake kliniki. Nikachapa. Makala yake kubwa ilikuwa na sayansi mbele, na nyuma kurasa nyingi za majina matupu, herufi ndogo kama mchanga. Alikuwa amewahi kunieleza desturi yao: kila aliyefanya kazi anaandikwa, aliyepiga hesabu na aliyefunga nyaya, wote kwa mpangilio wa alfabeti, hakuna mkubwa wala mdogo. Desturi hiyo niliipenda sana siku aliyonieleza. Ijumaa hiyo sikuikumbuka.

Kitabu kilikuwa kinene mno. Ringi yangu ya plastiki ya kufungia, kubwa kuliko zote, haikukikamata. Nikalazimisha, ikafyatuka, karatasi zikamwagika hadi mlangoni. Mama fundi akachungulia.

“Anko, leo umechinja kuku? Manyoya yote hayo!”

Saa nne na nusu ilikuwa imefika. Nikatafuta cha kupunguza. Vyeti sikuthubutu, na hesabu ningejuaje ipi ni ya maana? Nikayaona yale majina. Sasa, mimi huchapa vijitabu vya mazishi kila wiki, na nafasi ikikosekana, familia huniambia nitoe ukurasa wa nyuma, ule wa kushukuru kamati na majirani. Mkono wangu umezoea hivyo. Nikayatoa majina katika nakala zote kumi, nikayatupa kwenye boksi la karatasi za kuandikia nyuma. Ringi ikafunga vizuri. Hata nilijisifu alipopita kuzichukua kuzipeleka chuoni.

Siku ya mahojiano mpwa wangu alirudi kibandani ameshika viatu mkononi. Aliketi kwenye stuli ya wateja, akanisimulia yote.

Mwenyekiti wa jopo alimuuliza, “Daktari, makala hii unayosema ni yako, jina lako liko wapi?”

“Liko nyuma, Profesa.”

Wakafungua nyuma. Hakuna kitu. Mmoja wao akasema, “Basi hata mimi naweza kusema ni yangu,” wakacheka. Mpwa wangu akaomba awaonyeshe kwenye simu, ni dakika moja tu. Mwenyekiti akasema jopo huangalia kilicho mezani.

Kisha yule mwenye fomu ya alama akaongeza, “Hata lingekuwapo, lisingesaidia. Kanuni yetu ni kwamba alama za makala hugawanywa kwa idadi ya walioiandika. Ninyi ni maelfu. Daktari, ukikata andazi moja ugawie mtaa mzima wa Huruma, kila mtu anapata nini?”

“Harufu,” mwenzake akamjibia. Wakacheka tena.

Aliponisimulia hayo nilitaka kuvunja kitu. Kisha akainamisha kichwa. “Labda ni mimi niliyeweka faili isiyo kamili, Mjomba.”

Nikasema pole. Nilisema pole na boksi liko chini ya meza, karibu na goti langu, na mama fundi ameshaandika vipimo vya sketi nyuma ya kurasa mbili.

Nilinyamaza siku mbili. Ya tatu nilimweleza.

“Zote kumi?” aliuliza.

“Zote.”

Akalivuta boksi kutoka chini ya meza. “Na mimi sikufungua kukagua. Niliuamini mkono wako.” Sijui kama alikuwa anajilaumu au ananipiga. Pengine yote mawili.

Tukazipeleka kurasa chuoni, pamoja na zile za vipimo vya sketi. Hapa lazima niseme haki: mwenyekiti alitupokea mwenyewe, akatuvutia viti, akalitafuta jina kwa kidole mpaka akalipata karibu na mwisho kabisa. Akamwambia mpwa wangu, “Hili tulikukosea. Hatukupaswa kucheka.” Lakini kuhusu kugawanya alama, akasema kanuni ni kanuni.

Nilisimama. “Profesa, mmetangaza kazi ambayo duniani kote haifanywi na mtu mmoja, halafu mnamnyima kwa sababu hakuifanya peke yake. Ungetafuta mpiga ngoma wa kwaya ukamwuliza kwa nini hakuimba sauti zote?”

Ndivyo ninavyokumbuka nilivyosema. Kwa kweli nilisema vibaya zaidi, na kwa kelele. Mpwa wangu alinivuta shati.

“Mzee, kanuni sikuitunga mimi,” mwenyekiti alisema.

“Basi nani aliitunga?”

Akazikusanya kurasa, akamrudishia mpwa wangu. Labda hajui. Labda nayo ilitungwa na mtu aliyekuwa na haraka, kitu kimegoma kuingia mahali, akakata alichodhani hakina kazi. Wazo hilo sikulitaka, lilinijia tu, na lilinikera kuliko kile kicheko.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Alama hazikutosha. Hawakumchukua yeye, wala mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyeniambia kama majina yangekuwapo siku ile mambo yangegeuka, na sitajua. Ningejua ni kanuni peke yake ningewakasirikia nikalala vizuri, na ningejua ni mimi peke yangu ningeomba msamaha nikamaliza.

Amesharudi Ulaya. Jioni ya kumsindikiza, dada aliniuliza kilichotokea hasa, kwa maana binti alimwambia tu kwamba alama zilipungua. Binti alikuwa amenifichia kosa langu. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha dada, nikamwambia mwenyewe.

“Ulitoa majina? Majina ya watu?”

“Ringi haikutosha.”

Alikuwa akijikanda mguu. Akaacha.

“Na fundi wa nguo umegawana naye ukuta,” alisema. “Si ungempelekea kitabu akishone?”