Kombi yangu ilikuwa inakataa kuwaka asubuhi ikiwa nyumbani Keshero tu. Sababu niliyoikuta bado inanitetemesha

Wakuu, nawasalimu kutoka Goma.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini hili nimeshindwa kukaa nalo peke yangu. Nitalisimulia kama lilivyotokea, bila chumvi. Anayeamini aamini, asiyeamini apite tu, sina ninachouza.

Mnijue kidogo kwanza. Kazi yangu ni kufunga sola, maisha yangu ni nyaya na betri. Mimi ni mtu wa Butembo, Goma nimekuja nikiwa mtu mzima. Mke wangu, Mama Neema, kazaliwa huku huku, upande wa Lac Vert. Tuna kiwanja chetu Keshero.

Sasa, nina kombi ya zamani. Ile aina ya gari la kusafiria na kulala humo humo: kuna kitanda, sinki ndogo, kabati, na jiko la gesi ambalo halijawahi kuwaka mbele ya macho yangu.

Waliileta wazungu wawili waliokuwa wanazunguka Afrika. Wakachoka nayo hapa, wakapanda ndege. Ikakaa miaka mingi juu ya mawe uani kwa rafiki yangu mpaka kuku wakahamia. Mimi nikaiona, nikaipenda. Mke wangu akasema nimeoa mke wa pili, tena mzee.

Kwa wasioijua: injini ya gari hili iko nyuma, chini kabisa, na kitanda kimelala juu yake. Haina rejeta, haina maji. Inapozwa na feni. Ni injini ya kueleweka, ukifungua unaona kila kitu na kila kitu unaweza kukigusa. Ndiyo maana nilijiamini.

Fundi wangu anaitwa Bahati, ana gereji Birere. Ni fundi mzuri, na anajua kuwa ni mzuri, na hapo ndipo shida inapoanzia. Ukimpelekea gari lazima akuhubirie kwanza.

"Moteri inataka bitu bitatu tu, Papa Neema," aliniambia siku ya kwanza. "Esanse, moto na hewa. Ukiipatia yote bitatu na ikakataa, njo unaita padri."

Esanse ni petroli, wakuu, na njo ni ndiyo. Huku kwetu Kifaransa kimelala kitanda kimoja na Kiswahili.

Tukaifufua kombi. Ikaunguruma vizuri, nikaiendesha hadi nyumbani nikipiga honi kama bwana harusi.

Hapa niwaeleze kuhusu maegesho yangu, maana bila hilo hamtaelewa.

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Ukitaka kujenga ukuta, huendi mbali, unachimba kiwanja chako mwenyewe. Unaita vijana wenye mitarimbo na nyundo, wanapasua mawe, unajengea. Kila mtu anafanya hivyo. Mimi nilijenga ukuta mzuri sana kwa njia hiyo, majirani walikuwa wanakuja kuutazama.

Lakini ukitoa mawe unabaki na shimo. Langu lilikuwa pana, upande wa ndani kina chake kinanifika kifuani, upande wa mbele limepanda taratibu kama njia. Nikaona nimepata gereji ya bure. Ninaingiza kombi kinyumenyume, tako linakaa chini kabisa, pua inatazama juu, tayari kutoka. Na kwa ukuta ule, mtu akipita barabarani haioni. Goma hapa, kitu ambacho macho hayakioni ndicho kinachodumu.

Vijana waliochimba walinionyesha ufa huko chini kwenye mwamba. Walitupa kokoto, hatukusikia ikifika. Mimi nikafurahi. Nikasema maji ya mvua yamepata njia, sitakuwa na tope.

Nikikumbuka furaha ile najisikia vibaya hadi leo.

Basi kombi ikaanza visa.

Asubuhi nikipiga stata, inazunguka kwa nguvu, inakohoa mara moja, kimya. Napiga tena, kimya. Naita majirani tunaisukuma hadi barabarani. Ikifika juu tu, stata moja inawaka kama haijawahi kuugua.

Mchana ikiwa shimoni? Inawaka vizuri. Jioni inawaka. Birere kwa Bahati inawaka saa yoyote. Ni asubuhi tu, na ni nyumbani tu.

Majirani walinicheka hadi wakachoka. Mmoja alisema gari langu ni kama baba mkwe, haliamki mpaka lisalimiwe na watu wengi.

Tukaanza diagnosis. Bahati akasema ni baridi, akarekebisha choke. Bila mafanikio. Tukabadilisha plagi, tukabadilisha platine na koili. Mimi kwa akili zangu za umeme nikaamua kuna waya umelegea, ndiyo maana ikisukumwa inatikisika inapona. Nikapitia nyaya zote, nikasafisha kila maungio. Tukafungua kabureta, tukaifunga, tukaifungua tena. Pampu ya petroli ikabadilishwa ingawa haikuwa na kosa lolote.

Kila kitu tulikipima, isipokuwa hewa. Nani anapima hewa? Hewa iko kila mahali.

Kuna mambo mengine yalitokea kipindi hicho ambayo hatukuyaunganisha. Kuku wetu alikutwa amekufa chini ya gari, hana jeraha. Tukasema ugonjwa. Paka wa jirani naye akakutwa pale pale. Tukasema kala sumu ya panya. Mama Neema akawa analalamika kuwa Keshero siku hizi watu wanatega sumu ovyo.

Katikati ya haya yote, baba yangu akaja kututembelea kutoka Butembo. Ni muzee sasa, goti linamsumbua. Nyumba yetu ni ndogo, watoto wamejaa. Alipoiona kombi akakataa kulala ndani. Ujanani aliwahi kuendesha moja ya parokia, akasema atalala kwenye gari na hakuna wa kumwambia kitu.

Nilifurahi, wakuu. Nilitandika kitanda kile cha nyuma kwa mikono yangu. Nilitaka aone kuwa mwanawe ana kitu.

Asubuhi za mwanzo nilimuuliza amelalaje.

"Nimelala muzuri," anasema. "Kichwa tu njo inaniuma kidogo. Iyi hewa ya Goma ni nzito."

Tukasema ni uchovu wa barabara. Tukampa chai ya tangawizi.

Lalamiko lake kubwa lilikuwa lile goti. Kupanda kitanda cha juu ya injini usiku na kushuka kulikuwa kazi. Mama Neema akaamua kumtengenezea godoro la kuweka sakafuni mwa gari, hapo katikati. Akalishona vizuri, akalianika. Likawa tayari, Muzee ahamie chini siku inayofuata.

Asubuhi ya siku hiyo Bahati akaja nyumbani. Alikuwa hajawahi kuiona ikigoma kwa macho yake, na nadhani alianza kuamini kuwa mimi ndiye mgonjwa. Alikuja mapema, jua halijachomoza sawasawa, ziwa limetulia, hata jani halitikisiki. Muzee alikuwa bado kitandani ndani ya gari.

Mimi nikakaa kwenye usukani. Bahati akashuka shimoni hadi nyuma, akafungua mlango wa injini. Mama Neema alikuwa juu ukingoni, anafagia.

"Piga," akasema Bahati. Nikapiga. Ikakohoa, ikanyamaza.

"Piga tena, minataka kusikia kabureta." Kwenye kioo nikamwona anainama.

Nikapiga. Kimya.

Nikamwita. Kimya.

Nikadhani amekasirika. Nikatoa kichwa dirishani, namwona Bahati amelala chini nyuma ya gari, uso kwenye mawe. Hakupiga kelele. Hakushika popote. Mtu mzima mwenye mwili wake ameanguka na sikusikia chochote.

Nikafikiri umeme wa koili umempiga. Nikaruka nje kumkimbilia.

Hapo Mama Neema akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tangu nimuoe. "Usiiname! Papa Neema, usiiname, ni mazuku!"

Wakuu, mazuku ni gesi inayotoka ardhini huku kwetu, kwenye nyufa za volkano. Haina rangi, huwezi kuiona. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatuama kwenye mabonde na mashimo kama maji, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Jua na upepo vikija inatawanyika. Ukizamisha kichwa humo pumzi chache zinatosha.

Mke wangu kakua akiijua. Lac Vert watoto wanakatazwa kushuka mabondeni asubuhi. Lakini kiwanja chetu hakikuwa na mazuku, hakuna mtu aliyewahi kuyasikia pale. Mimi ndiye niliyeyafungulia mlango kwa mtarimbo.

Nilivuta pumzi, nikaibana, nikashuka. Nilimshika Bahati kwapani nikamburuta kupanda juu. Nilidhani kifua kitapasuka. Mama Neema akanipokea njiani, tukamlaza ukingoni, akampiga mgongo, akamwagia maji. Baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko maisha yangu akakohoa na kutapika.

Ndipo nikakumbuka Muzee.

Baba yangu alikuwa ndani ya gari lile lile, kwenye shimo lile lile, na mimi nilikuwa nimesahau.

Mama Neema alikuwa ameshafika kwenye kioo cha mbele. Alikuwa anaongea naye polepole, sauti imetulia.

"Papa, unanisikia? Usifungue mulango ya pembeni. Usishuke chini. Kuya huku mbele, kichwa ikuwe juu, usiiname hata kidogo."

"Juu ya nini?" Muzee akauliza sababu. "Niko natafuta kiatu."

Kiatu kilikuwa sakafuni.

"Acha kiatu, Papa. Nakuomba. Kuya tu."

Akaja. Mzee wa goti bovu, mkono mmoja juu ya dari, mwingine kwenye kabati, peku, analalamika kwamba binti za watu wa Goma wanapenda kuamrisha. Tukamtoa kwa mlango wa dereva, pale ambapo ardhi imeinuka. Nilimkumbatia hadi akaniuliza kama kuna msiba.

Bahati alipopata nguvu akataka kujua. Ni fundi, hawezi kuacha. Tukafunga mshumaa kwenye ufito mrefu, tukauwasha, tukaushusha kutoka ukingoni ubavuni mwa kombi.

Mshumaa ulishuka ukiwaka. Ukapita madirisha ukiwaka. Ulipofika mahali fulani ukazimika, kama mtu ameupuliza. Tukawasha, tukashusha tena. Ukazimika pale pale.

Jua lilipopanda na upepo wa ziwa ukaja, mshumaa ulishuka hadi chini bila kuzimika. Nikaingia na chaki, nikachora mstari kwenye bodi ya gari pale ulipokuwa unazimika.

Mstari ulipita juu kidogo ya matundu ambayo injini inavutia hewa. Bahati aliutazama, akashika kichwa. Injini yetu haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inazama.

Kisha nikafungua mlango wa nyuma kuona ule mstari unafika wapi kitandani.

Kati ya mstari na godoro la Muzee kulikuwa na upana wa kiganja changu.

Kiganja, wakuu. Baba yangu alikuwa analala juu ya kifo kwa upana wa kiganja, na asubuhi mimi namuuliza ameamkaje, nampa tangawizi.

Muzee akaja na fimbo yake, akautazama mstari kwa muda mrefu. Halafu akatazama sakafu ya gari, kisha lile godoro jipya lililokuwa kwenye kamba.

"Kumbe leo njo mulitaka kunishusha," akasema.

Mama Neema alikaa chini akalia kwa sauti. Mimi pia nililia, sioni aibu kusema.

Shimo lile nimelifukia. Sikuwa na mawe, kwa hiyo niliubomoa ukuta. Watu wa kata walikuja wakaweka alama, na majirani wanaotuzunguka wote wamefanya test ya mshumaa, kwa ufito, wakiwa wamesimama. Nyumba moja walihamisha watoto siku hiyo hiyo. Bahati yuko mzima, ingawa mahubiri yake ya vitu vitatu ameyaacha kabisa. Kombi inalala barabarani na inawaka kila asubuhi.

Nilichojifunza ni kwamba nilimsikiliza kila fundi na kila video ya mtandaoni, lakini sikujiuliza kwa nini gari linagoma mahali pamoja tu. Nilikuwa na haraka ya kulaumu kifaa.

Mlioko Goma, Sake na pembezoni mwa ziwa, hasa mliochimba mawe viwanjani kwenu, nawaomba mtazame mashimo yenu. Na wengine popote mlipo, leteni visa vyenu: nani ana gari, jenereta au hata jiko linalokataa kuwaka kwenye kona moja tu ya nyumba?

Kama unalo, weka spana chini kwanza. Nenda kaangalie nani analala pale.