Mkao wa Mti Katika Msitu wa Walikale

Katikati ya miaka ya hamsini, dada yangu Feza, aliyeolewa Walikale, Kongo, aliniita nihudhurie ubatizo wa mwanawe wa kwanza. Niliondoka Kigoma kwa shangwe. Nilikuwa mtu wa makamo, nimehitimu chuo kikuu India, na huko nilijifunza yoga. Kila alfajiri nilisimama katika mkao wa mti: mguu mmoja ardhini, unyayo wa pili juu ya paja, viganja vimekutana kifuani, macho yametulia mahali pamoja. Mwalimu wangu alisema mguu wa chini ni mzizi na pumzi ni upepo, haizuiwi, inasikilizwa. Niliupenda mkao huo, nakiri, kwa sababu ulinitenga na watu.

Njiani, mahali paitwapo Mushaki, lori letu liliposimama kupakia maharagwe, nilimwona mchungaji malishoni amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo, unyayo wa pili umegusa goti. Moyo uliniruka. Nilishuka mbio, nikasimama kando yake, nikainua mguu wangu.

Aliutazama mguu wangu. "Papa, na wewe unachunga ngombe gani?"

"Sichungi. Natuliza moyo."

"Mimi nikituliza moyo, zangu zinaingia mu maharagi ya bantu." Akaniazima fimbo yake. "Shika. Utaanguka, na dereva atasema njo mimi nilikusukuma."

Masisi nililala penye baridi na maziwa mengi, nikanunua jibini kwa ajili ya dada. Kutoka hapo barabara iliteremka, malisho yakaisha, joto likatupokea, na miti ikasongamana hata anga likawa vipande.

Walikale, Feza alinikumbatia, kisha uso wake ukabadilika. Wawindaji walikuwa wamerudi mikono mitupu tena.

"Kaka, wageni wanafika kesho, na mu nyungu iko majani ya sombe tu," alisema. "Mama mukwe anasema tangu nifike, nyavu hazishike kitu. Kesho atasema mbele ya bantu wote."

Kulipopambazuka, shemeji yangu Bahati na wenzake walikuwa bado wakikunja nyavu. Nikatangulia kidogo kwenye njia ya msituni, nikasimama katika mkao wangu, macho kwenye shina moja jeusi.

Punde nikasikia kimya cha ajabu. Nilipogeuza kichwa taratibu, nilimwona Bahati nyuma yangu, mguu mmoja hewani, mkuki mkononi. Nyuma yake wanaume wote walikuwa wameganda vivyo hivyo. Mmoja ameziba mdomo wa mbwa. Msituni mle, wa mbele akisimama ghafla, wote husimama, wala hakuna anayesogea mpaka yeye ashushe mkono. Nami mikono yangu ilikuwa kifuani.

Nilitaka kucheka, nikaogopa. Paja lilianza kutetemeka. Nikarudi kwenye pumzi, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba haikuwa yangu peke yangu: safu nzima ilikuwa ikipumua polepole pamoja nami.

Ndipo nguruwe mwitu, aliyejificha aliposikia hatua zetu, akaamini tumeondoka. Akatokea kando ya lile shina. Mkuki wa Bahati ulipita karibu na sikio langu.

"Shemeji, ulimuona namna gani?" aliuliza, akihema.

"Sikumwona. Nilikuwa natuliza moyo."

Walicheka hata mmoja akakaa chini. "Basi hapana kuambia mama," Bahati alisema. "Tutasema ulimuona."

Siku hiyohiyo, kwenye karamu ya ubatizo, mama mkwe aliitazama nyama, akanitazama mimi, kisha akampa Feza kisu mbele ya wageni wote. "Gawa wewe, mama wa mutoto." Feza akakata bila haraka, akianza na sahani ya mama mkwe.

Nilirudi Kigoma kwa njia ileile, nikiwa na furaha ya mtu aliyesahihishwa. Nilikuwa nikiufanya mkao ule kama mti uliojiotea peke yake uwandani. Siku hizi nasimama uani mlango ukiwa wazi, na mke wangu, ambaye zamani alipita kwa kunyata ili asinisumbue, huja akainua mguu wake pia.