Rupia Yenye Tundu

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa nauza chumvi kwenye soko la kambi ya Benaco, na chini kabisa ya gunia langu kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye rupia, sarafu za enzi za Mjerumani. Wateja walinisema kwamba mimi ni mchoyo kwa sababu sikumruhusu mtu achote mwenyewe. Mchoyo nilikuwa, sikatai, ila si wa chumvi. Kila mkono ulipokaribia gunia, roho yangu ilikuwa juu. Barabarani watu walikuwa wanavamiwa mchana kweupe, na mimi niliamini kwamba kila anayepita ananiona mpaka ndani ya kopo.

Nilianza bila kupanga. Mzee mmoja wa kambini alikosa hela ya chumvi akanipa rupia mbili zenye picha ya mfalme aliyevaa kofia ya tai. Wakati huo nilikuwa nadunduliza hela ya kuezeka nyumba yetu bati. Mume wangu alikuwa analima Kaniha kwa ndugu zake na kuniletea alichopata, lakini kila nilipokwenda dukani, hela ile ile ilinunua bati chache kuliko mwezi uliopita. Rupia zile zilikuwa fedha yenyewe, si karatasi. Nikaona heri niweke akiba huko.

Aliyenifundisha kazi ni mnunuzi aliyekuja kila mwezi kutoka Mwanza, kijana mwenye kioo cha kukuzia alichokining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Alinunua kwa niaba ya masonara na watu wa mbali wanaokusanya sarafu za kale. Siku ya kwanza alinigombeza, kwa sababu nilikuwa nimezisugua rupia kwa majivu na mchanga kama masufuria. "Mama, umezichubua! Hizi huuzwa na uchafu wake." Akanionyesha namna ya kupima rupia: unaiangusha juu ya jiwe na kusikiliza. Fedha safi hulia, na mlio hukaa. Iliyochanganywa na madini ya risasi husema neno moja na kunyamaza.

Nikanunua jiwe la kunolea visu, nikawa napima hata zile nilizokwisha kupima. Mlio ule ulinituliza kidogo, kisha baada ya muda mfupi nilitaka kuusikia tena.

Halafu akanitia ugonjwa wa pili. Aliandika miaka kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu kila rupia ina mwaka wake, akasema nikipata miaka yote nisiuze moja moja. Safu kamili ingeuzwa kwa bei ya kuezeka nyumba nzima na jiko lake. Nikasahau chumvi. Nilimsumbua kila mkimbizi aliyekuwa na kitu kwenye fundo la nguo yake. Baada ya msimu mzima wa mvua nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu.

Mwaka huo uliletwa na mwanamke wa umri wangu. Kihangaza chetu na lugha yao vinaelewana, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani. Rupia yake ilikuwa na tundu juu ya kichwa cha mfalme, na tunduni uzi mweusi wenye shanga mbili.

"Ni ya mwana wanje," alisema, yaani mwanangu.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Hata kwetu mabibi walifanya hivyo: siku mtoto anapopewa jina, bibi anatoboa rupia kwa msumari wa moto na kumvisha shingoni. Uzi hubadilishwa kadiri mtoto anavyokua, lakini tundu ni lile lile la bibi. Ikifanyika hivyo, rupia hiyo hainunui tena kitu.

Uzi ulikuwa umekatika walipokuwa wanakimbia, akabaki ameushika mkononi, na mtoto akapotelea kwenye msongamano wa watu. Sasa alikuwa amesikia kwamba kambi za Karagwe zina mahali wanapokusanywa watoto waliopotea. Alitaka nauli, na rupia ibaki kwangu kama rehani.

"Usiiuze," aliniambia. "Nikimpata nitakurudishia hela yako yote."

Nikaapa kwa Bikira Maria. Na wakati naapa, naona aibu kuandika haya, macho yangu yalikuwa yanasoma mwaka.

Akaenda, akachelewa. Wiki, kisha miezi. Niliwaza kwamba hatarudi, kisha nikaogopa kwamba atarudi kesho, na sikujua lipi ninaliogopa zaidi. Mume wangu alipokuja aliona maji yanavuja juu ya kitanda, akaniuliza bati ziko wapi, nikamjibu vibaya mpaka akarudi Kaniha kabla ya siku zake.

Mnunuzi alikuwa ameshaniambia kwamba rupia yenye tundu haina bei. Basi nikaipeleka kwa fundi wa masufuria na redio pale sokoni. Nikamwambia ni ya kwangu, ya urithi. Nilikata uzi ule mweusi kwa meno. Fundi akalehemu tundu kwa risasi, akapiga msasa, akapaka masizi ili pafanane na pengine. Ukiitazama kwa haraka huoni kitu. Nilirudi mezani kwangu nikaiangusha juu ya jiwe, ikasema neno moja na kunyamaza.

Niliiangusha tena na tena, nikajidanganya kwamba jiwe limelowa.

Siku mnunuzi alipokuja nilizipanga rupia zote juu ya kitambaa. Hakutumia hata kioo. Aliziangusha moja moja, ameinamisha kichwa, na alipofika kwenye ile akaicheka.

"Mama, hii umeiua mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa na tundu, sasa ina tundu na uongo."

Zile nyingine alizitaka kwa bei ya fedha ya kuyeyusha. Nilizikusanya kwa hasira nikamwambia aende zake. Alipoondoka nilijifariji kwamba sijavunja kiapo, maana rupia bado ninayo. Nilijisifu hata, kana kwamba ni mimi niliyekataa kuiuza.

Kisha ukafika mwezi wa kuondoka. Ilitangazwa kwamba wakimbizi warudi kwao, na barabara ya kwenda mpakani Rusumo ikajaa watu, vichwani magodoro na masufuria, migongoni watoto, askari pembeni wakihimiza. Soko likafa kwa siku moja. Nilisimama kando ya barabara na rupia ile ndani ya ngumi, nikitazama nyuso, nikimwomba Mungu mwanamke yule apite, na papo hapo nikimwomba asipite.

Alipita. Ni yeye aliyeniita. "Mama wa chumvi!"

Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka kama mitano, amenyolewa kichwa, miguu imejaa vumbi. "Nimempata," alisema, na machozi yalinitoka kabla sijajua kama ni ya furaha au ya woga. Alikuwa amekwisha kufungua fundo kwenye ncha ya kitenge. Hela yangu ilikuwemo, imekunjwa ndogo. Mkononi alikuwa na uzi mpya mwekundu, na shanga alizoziokota sijui wapi.

Nikampa rupia. Alichuchumaa mbele ya mwanawe, akaishika kwa kidole na gumba, akaanza kupitisha uzi bila kutazama, kama mtu anayefunga kifungo. Uzi ukateleza. Akajaribu tena. Akaigeuza, akapapasa ukingo wote kwa gumba, taratibu, akarudi pale pale juu ya kichwa cha mfalme.

"Ni hiyo hiyo," nilisema. "Nililiziba tu. Ngoja, nina jiko la mkaa pale, risasi inayeyuka mara moja, nitakutobolea."

Aliinua macho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Mimi na hasira tunajuana, ningejua la kufanya. "Wewe ndiye utakayemtobolea?" aliuliza.

Askari alipiga kelele watu wasonge. Mtoto alikuwa amenyoosha shingo, amefumba macho, anasubiri.

Mama yake alisimama akanirudishia rupia kwenye kiganja. "Sasa hii ni hela tu," alisema. Akafunga tena hela zake kwenye ncha ya kitenge, akamfunga mwanawe uzi mwekundu shingoni ukiwa na shanga peke yake, wakaingia katika umati.

Nyumba tuliiezeka miaka mingi baadaye, kwa hela ya maharage ya Kaniha. Kopo bado ninalo, na miaka yote iliyoandikwa kwenye karatasi ya yule kijana imetimia. Jiwe la kunolea nilimpa jirani. Sizipimi tena, kwa sababu najua ipi itanyamaza.