Daraja la mtoni liliponyamaza, ploti nzima ikachelewa kazini

Niaje wakuu. Nimeona mkibishana hapa kuhusu madaraja, nikaona na mimi nitoe yangu. Sitii chumvi.

Miaka ya tisini niliishi mtaa wa Mukuru kwa Njenga na mke wangu Mwende. Mimi nilikuwa welder kwa workshop moja Industrial Area, yeye alifanya kibarua kiwanda cha sabuni. Ukichelewa getini, wenzako wameshachukuliwa, unarudi nyumbani.

Sasa, hapo mtoni palikuwa na daraja la chuma.

Lori la kwanza la alfajiri likipita, plate moja ya sakafu yake, bamba pana la chuma, ilikuwa inalia ng'aang! mpaka vitandani mwetu. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu. Alarm ya nini?

Halafu workshop yetu ikapewa kazi ya kulikarabati daraja hilo.

Niliingia chini yake, na wakuu, nilishtuka. Plate ililia kwa sababu ilikuwa imepasuka pale ilipounganishwa na mbavu zinazoibeba. Ufa mrefu kama mkono wangu! Waliotutangulia walipiga welding juu juu na rangi, wakaenda zao. Ufa ukaendelea kutembea chini kwa chini.

Chuma huchoka, hata mzigo usipokuwa mkubwa, kikikanyagwa kila siku. Na Mwende alipita hapo kila asubuhi akipishana na malori. Niliogopa, sifichi.

Foreman wetu, Kariuki, hakutaka haraka. Tulitoboa shimo kwenye ncha ya ufa usizidi kukimbia. Tukakwangua welding yote ya zamani, tukachoma upya, tukaongeza mbavu chini, kisha plate nene juu.

Upande huo wa daraja tuliufunga kuanzia Jumamosi mchana, maana welding ikitikiswa kabla haijapoa inapasuka tena. Madereva walitutukana vizuri sana.

Jumapili jioni tukafungua.

Jumatatu niliamshwa na jua kwenye tundu la mabati. Mwende akaruka kutoka kitandani.

"Mutua! Kwani plate haijalia?"

"Haitalia tena. Si tuliitengeneza."

"Na mimi nani ataniamsha?"

Alikimbia, akakuta geti limefungwa. Ploti nzima, wapangaji wa vyumba vyote, ilichelewa. Jioni majirani wakaja mlangoni: "Fundi, turudishie kelele yetu." Wengine walicheka, wengine hawakucheka hata kidogo.

Mwende alininunia wiki nzima. Jumapili nikampeleka chini ya daraja, nikamwonyesha lile shimo na pale ufa ulipokuwa umefika.

Akaangalia, akapapasa kwa kidole.

"Kumbe hiki ndicho kilikuwa kinatuamsha," akasema. Tukiwa njiani kurudi akaongeza, "Basi kuanzia kesho ni wewe."

Nikawa mimi. Kibarua alishaacha zamani, lakini saa ile macho yangu bado hufunguka yenyewe, namwangalia akilala, nashukuru.

Nilichojifunza: kelele ukiizoea, haimaanishi kitu ni kizima. Kama kuna chuma kinalia mtaani kwenu, mtu aingie chini aangalie.

Watu wa Mukuru wa enzi hizo mko humu? Nani mwingine alifungiwa geti Jumatatu ile? Semeni tu, hata matusi nitapokea.